Hoteli Ndogo kama Baraza la Mji: Nyumba za Chakula za Kifamilia katika Historia ya Kisumu na Mtaa wa Migosi

UTANGULIZI

Jina la Kisumu, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, latokana na neno la Dholuo lihusulo kutafuta chakula. Wakati wa njaa, mtu aliyetoka kwake kwenda kubadilishana mali yake kwa nafaka alisemwa kuwa amekwenda kisuma. Pale kando ya ghuba, watu wa bara walipokutana na watu wa ziwa, hawa na mtama wao na wale na samaki wao, mahali pakapata jina kutokana na kazi yake. Kwa hiyo kabla Kisumu hakijawa kituo cha reli, makao ya serikali au mji wa viwanda, kilikuwa mahali ambapo watu wasiojuana walikutana kwa sababu ya chakula.

Makala haya yanachunguza taasisi moja ambayo kazi yake haijaenda mbali na maana hiyo ya asili. Taasisi yenyewe ni hoteli ndogo: nyumba ya chakula inayoendeshwa na familia moja, yenye meza chache, jiko la makaa nyuma, na wateja ambao wengi wao hurudi kila siku. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hoteli hizi zimekuwa baraza la mji kwa watu ambao mipango rasmi haikuwatengea baraza. Hoja ya pili, iliyo muhimu zaidi, ni kwamba baraza hilo limebebwa na nguzo mbili zisizoonekana katika hesabu za biashara: kazi ya wanafamilia isiyolipwa mshahara, hasa kazi ya wanawake, na deni lisilotozwa riba. Nguzo hizo zikiondolewa, chakula chaweza kuendelea kuuzwa lakini baraza halipo tena.

MEZA YA KIJIJINI

Ili kuielewa hoteli ya mjini, yafaa kwanza kuitazama meza iliyotangulia. Katika boma la Mluo, mwenye boma alikuwa na kijumba chake karibu na zizi la ng'ombe, kilichoitwa duol. Humo wanaume na vijana wa kiume walikula pamoja, na humo ndimo mambo ya ukoo yalimozungumzwa: mipaka ya mashamba, mahari, magomvi na habari za mbali. Watoto, hasa wasichana, walikuwa na siwindhe, yaani nyumba ya bibi, ambamo walilala, wakasikiliza ngano na kufundishwa adabu.

Mambo mawili katika utaratibu huo yanahusu mjadala huu. Kwanza, chakula cha duol hakikununuliwa. Kila mke alipeleka alichopika, na mgeni alikula bila kuulizwa. Pili, waliopika hawakuwa wajumbe wa baraza. Mwanamke alileta chakula na kuondoka; maneno yaliyofuata hayakuwa yake. Duol ilikuwa baraza la walaji, wala si baraza la wapishi. Mabadiliko makubwa yaliyoletwa na mji yaligusa mambo haya yote mawili kwa pamoja.

MJI WA RELI

Reli ya Uganda ilifika ziwani mwezi wa Desemba 1901, na kituo chake kikaitwa Port Florence. Wakati huo eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1902 likahamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki. Meli zilizounganishwa hapo ziliichukua mizigo ya reli hadi bandari za Uganda na za upande wa Tanganyika. Kodi ya nyumba ikawasukuma vijana wa Nyanza kutafuta fedha, nao wakawa makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli, watumishi wa majumbani na vibarua wa serikali.

Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa kwenye mwinuko, Wahindi katika mitaa ya biashara, na Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa muda. Mfanyakazi huyo alidhaniwa kuwa mtu pasipo familia: alipewa nafasi ya kulala, mshahara wake ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, na mkewe alitakiwa kubaki shambani. Mpango wa namna hiyo haukujibu swali dogo lakini la lazima: mtu huyu atakula wapi, na baada ya kula atakaa na nani?

Majina ya vyakula yanasaidia kuonyesha jinsi swali hilo lilivyojibiwa. Katika hoteli ndogo ya Kisumu, chai, chapati na sambusa zinakumbusha maduka na majiko ya Wahindi. Mandazi na pilau zinaelekea pwani, na kwa Waislamu wa mitaa kama Kaloleni. Ugali, omena na mboga za kienyeji zinatoka katika nyumba za wenyeji. Sahani moja imekusanya historia ya mji mzima. Na kwa kuwa wateja walitoka katika makabila mbalimbali, lugha ya kuagizia chakula ikawa Kiswahili, hata pale ambapo jikoni kulisemwa Dholuo.

NENO 'HOTELI'

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa. Katika miji ya pwani, nyumba ya namna hii hujulikana zaidi kwa jina la mkahawa au mgahawa, neno linalotokana na kahawa. Huko Dar es Salaam, wanawake wanaopikia wafanyakazi wameitwa mama ntilie, na baadaye mama lishe. Nchini Kenya neno lililoenea ni hoteli, nalo limepoteza maana ya kitanda. Mtu akisema anakwenda hotelini, hasemi kwamba hatalala kwake. Anasema tu kwamba ana njaa.

Badiliko hilo la maana si jambo la bahati. Katika enzi ya ukoloni, hoteli kubwa za mji ziliwahudumia Wazungu, na Mwafrika aliziingia kwa mlango wa watumishi. Neno lilichukuliwa kutoka mahali ambapo wenyeji hawakupokewa, likawekwa juu ya mlango wa mahali walipopokewa. Si lazima kudhani kwamba kulikuwa na kejeli katika uchaguzi huo. Hata hivyo matokeo yake ni dhahiri: chumba chenye mabenchi mawili na sufuria tatu kilipata cheo sawa na jumba la wakubwa, na yeyote mwenye senti chache aliweza kuketi humo akahudumiwa.

UKUMBI NA MEZA

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wenyeji wa Nyanza walianza kudai nafasi katika biashara na katika majengo ya mji. Shirika la akiba na biashara lililoongozwa na Oginga Odinga, Luo Thrift and Trading Corporation, liliandikishwa mwaka 1947, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kujenga Jumba la Ramogi mjini Kisumu. Chama cha Luo Union, kilichokuwa na matawi katika miji mingi ya Afrika Mashariki, nacho kilijipatia mahali pake: ukumbi wa Ofafa, uliopewa jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953.

Majengo hayo yalikuwa ushindi wa kweli. Lakini ukumbi na meza havifanyi kazi moja. Ukumbi hufunguliwa kwa mkutano, una mwenyekiti na ajenda, na asiye mwanachama hana sauti. Hoteli hufunguliwa kila alfajiri, haina ajenda, na mgeni aliyeshuka garimoshi saa ile ile aweza kuuliza habari za ndugu yake akajibiwa. Ukumbi ulikuwa wa umoja. Hoteli ilikuwa ya wote waliokuwapo.

Tofauti hiyo ilizidi kuwa na maana baada ya mwaka 1969. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo, Rais Jomo Kenyatta alipofika kufungua hospitali kuu mpya iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, kulitokea ghasia na askari wakafyatua risasi, watu wakauawa. Siku chache baadaye chama cha Kenya People's Union, kilichoongozwa na Odinga, kilipigwa marufuku. Mwaka 1980 vyama vya kikabila, Luo Union kikiwamo, viliamriwa kuvunjwa. Mikutano ya hadhara ilihitaji kibali cha serikali, na sharti hilo halikuondolewa hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 1997. Katika kipindi chote hicho kula hakukuhitaji kibali. Kuketi watu wanne mezani mbele ya chai si mkutano kisheria, ingawa huenda mazungumzo yao yakawa mazito kuliko hotuba. Watu walijifunza kupunguza sauti, kubadili mada mtu asiyejulikana alipoingia, na kusema kwa mafumbo. Hoteli ndogo haikuwa ngome ya siasa. Ilikuwa mahali ambapo maoni ya watu hayakufa kwa kukosa pa kutamkiwa.

MIGOSI: VIWANJA BILA BARAZA

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mipaka ya manispaa ya Kisumu ilipanuliwa, na maeneo yaliyokuwa vijiji vya pembezoni yakaingizwa mjini. Mwishoni mwa muongo huo na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Migosi, kaskazini-mashariki ya mji, karibu na Kondele na Manyatta, ilipangwa kwa utaratibu wa viwanja na huduma uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali ilitoa kiwanja, barabara, maji na mabomba ya maji machafu. Mwenye kiwanja alijenga nyumba kwa kadiri ya uwezo wake na kupangisha vyumba ili kulipa mkopo.

Mpango huo ulitofautiana sana na fikira za kikoloni, kwani ulikubali kwamba Mwafrika ni mkazi wa mji na kwamba ana familia. Lakini ulihesabu familia moja moja ndani ya ua wake. Wapangaji wa vyumba walitoka Siaya, Kakamega, Kisii na kwingineko. Hawakuwa ukoo mmoja, na hapakuwa na duol ya kuwakutanisha.

Wakazi walijaza pengo hilo wenyewe. Penye viwanja vilivyotazama barabara, chumba cha mbele kiligeuzwa duka, kinyozi au hoteli. Alfajiri walikuja mafundi wa ujenzi na walimu kunywa chai na mandazi. Mchana palikuwa na ugali, madondo, omena, na mboga kama osuga, apoth na dek. Jioni walikuja wapangaji waseja, na pamoja nao watu wenye wagonjwa katika hospitali ile ya mwaka 1969, ambayo wenyeji wamezoea kuiita Russia. Mtu aliyetoka mbali kumwangalia mgonjwa wake aliuliza mezani daktari gani anasikiliza watu, chumba cha kulala kinapatikana wapi, na, ikibidi, gari la kusafirisha maiti hukodishwa kwa nani.

Gazeti moja lilisomwa na watu kumi. Aliyejua Kiingereza aliwatafsiria wenzake kwa Kiswahili, na mabishano juu ya tafsiri hiyo yakawa sehemu ya habari. Kwa mwanafunzi wa lugha, meza hiyo ni mahali pazuri pa kusikia Kiswahili cha ziwani kikiundwa: Kiswahili kisichofundishwa na mwalimu, kinachosukumwa na haja ya Mluo, Mluhya, Mkisii na Mnubi kuelewana kabla chai haijapoa.

JINA NA DAFTARI

Hoteli nyingi za namna hii hazikujulikana kwa jina lililoandikwa ukutani. Zilijulikana kwa jina la mama mwenye nyumba, na jina hilo lilifuata kanuni za ujamaa wa Kiluo. Kanuni ya kwanza ni Min, yaani mama wa fulani, likifuatwa na jina la mtoto. Ya pili ni Nyar, yaani binti wa, likifuatwa na jina la nchi alikozaliwa mwanamke, kama Gem, Alego au Asembo. Kanuni hii ya pili ina uzito wa pekee. Kijijini, mwanamke aliyeolewa anaishi katika ardhi ya mumewe, na jina la nchi ya baba yake linamkumbusha kwamba alikuja kutoka kwingine. Mjini, jina lile lile likawa wito: mtu wa Asembo aliyefika Migosi bila kumjua mtu alielekezwa kwa Nyar Asembo, akala, akaulizwa yeye ni mtoto wa nani.

Hapa ndipo duol ilipopinduliwa. Kijijini mwanamke alileta chakula akaondoka. Hotelini yeye ndiye mwenye meza, mwenye ufunguo na mwenye fedha. Aliyasikia yote yaliyosemwa, na mara nyingi aliamua nani anyamazishwe. Walaji walikuwa wageni katika baraza la mpishi.

Mamlaka yake yaliandikwa katika daftari la madeni. Ukutani huenda palibandikwa onyo la Waswahili kwamba kukopa harusi, kulipa matanga; lakini chini ya meza daftari lilijaa. Fundi ambaye hajalipwa, mwalimu anayengoja mwisho wa mwezi, na kijana aliyekuja kutafuta kazi, wote walikula kwa ahadi. Wazee walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Hoteli haikuwa na jembe la kumpa mgeni, ilimwandika jina. Kuandikwa kulimaanisha kwamba anajulikana, na kwamba akipotea ataulizwa.

Kutokana na kujulikana huko, meza ilizaa mambo mengine. Wanawake waliendesha nyoluoro, yaani mchango wa fedha unaozunguka kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Kamati za mazishi zilikutana hapo kuchangia safari ya marehemu kwenda kuzikwa kwao. Historia ya Ulaya ina mfano unaofanana: soko la bima la Lloyd's lilianzia katika mkahawa wa Edward Lloyd mjini London katika miaka ya 1680, ambapo mabaharia na wafanyabiashara walikutana kwa kahawa na habari. Meza ya London ilikatia bima meli. Meza ya Migosi ilikatia bima maiti ya maskini, asizikwe ugenini. Tofauti ni kwamba ile ya kwanza ilikua ikawa mtaji mkubwa, na ya pili imebaki katika daftari la shule lenye mafuta ya kupikia.

Haifai hata hivyo kuipamba hali hiyo. Bei nafuu na subira ya deni vililipiwa na mtu fulani. Vililipiwa na binti aliyemenya vitunguu kabla ya kwenda shule, na jamaa aliyeletwa kutoka kijijini kuosha vyombo kwa chakula na malazi tu. Vililipiwa pia na mama aliyeamka usiku kuwasha moto na kulala baada ya mteja wa mwisho. Baraza la watu wote lilisimama juu ya mgongo wa watu wachache wa nyumba moja.

ZIWA, VIBANDA NA SIMU

Msingi wa uchumi wa hoteli hizi umetikiswa mara kwa mara. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shughuli za meli na bandari zilipungua, na pamoja nazo wateja wenye mshahara wa kila mwezi. Katika miaka ya 1980 mbuta, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, alizidi samaki wengine, na viwanda vikaanza kusafirisha minofu yake ng'ambo. Mlaji wa Kisumu akabakiwa na mifupa yenye nyama kidogo iliyokaangwa, aliyoipa jina la mgongo wazi. Tangu miaka ya 2010 samaki waliogandishwa kutoka China wameingia katika masoko ya mji, na hoteli iliyo karibu na ziwa yaweza kupika samaki aliyevuka bahari.

Vibanda vya samaki vya Lwang'ni, ufukoni karibu na bandari, vilionyesha udhaifu mwingine. Jina lake maana yake ni nzi, lakini halikuwazuia wakubwa kwa wadogo kuketi hapo mbele ya samaki mzima na ugali. Vilisimama katika ardhi isiyokuwa ya wapishi, navyo vilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 2010, bandari na reli zilipotayarishwa kufufuliwa. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliochunguza ajira nchini Kenya ulikuwa umependekeza serikali iache kuwabughudhi na kuwabomolea watu wa biashara ndogo. Bandari ilihitaji ardhi yake. Swali lililobaki ni kwa nini, katika kupima hasara, vilihesabiwa vibanda na si makutano.

Mwaka 2020 ulitoa kipimo ambacho hakuna mtafiti ambaye angethubutu kukipanga. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mwezi wa Machi nyumba za chakula ziliruhusiwa kwa muda kuuza chakula cha kuchukua tu, na amri ya kutotoka usiku ikadumu hadi Oktoba 2021. Kwa majuma hayo sahani na mlaji vilikuwapo, lakini hapakuwa na kuketi. Ilidhihirika kwamba kilichouzwa humo siku zote kilikuwa zaidi ya chakula.

Badiliko la kimya zaidi linatoka katika simu. M-Pesa ilianzishwa mwaka 2007, na baadaye ikafuatwa na mikopo midogo ya simu, kama M-Shwari mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019. Siku hizi kijana asiye na fedha aweza kulipia chakula chake kwa mkopo wa simu. Amepata heshima ya kulipa papo hapo, na mama mwenye hoteli amepata fedha zake bila kungoja. Lakini anayemdai sasa hamjui, anamtoza ada, na hatamuuliza akipotea.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba hoteli ndogo ya Kisumu ilichukua kazi ya duol na kuigeuza: iliwafungulia wageni, ikaendeshwa kwa Kiswahili, na ikamweka mwanamke mahali pa mwenye baraza. Imeonyeshwa pia kwamba uwazi huo ulilipiwa kwa kazi ya bure ya familia na kwa subira ya deni.

Leo huko Migosi maghorofa ya kupangisha yanachukua nafasi ya nyumba za awali, na kodi ya chumba cha mbele yaweza kuzidi faida ya chai na mandazi. Binti aliyemenya vitunguu amesoma, na hana sababu ya kurithi moshi. Huwezi kumlaumu, elimu yake ilikuwa mojawapo ya makusudi ya hoteli yenyewe. Kwa hiyo haitoshi kuzisifu hoteli hizi kama urithi huku ukitaraji wanawake wale wale waendelee kuubeba. Mji unaotaka baraza hauna budi kukubali kulipia sehemu ya gharama yake: kwa ardhi yenye hati kwa wapishi, kwa leseni wanayoimudu, kwa maji na mabomba yanayofika jikoni, na kwa ramani inayotenga mahali pa kuketi kama inavyotenga mahali pa kulala. Pasipo hayo, mtu atakayeshuka Kondele kesho akiwa na mgonjwa Russia atapata chakula bila shida. Atakayemuuliza yeye ni mtoto wa nani ndiye atakayekuwa shida kumpata.